Maharagwe ya Mama Yaliyokwenda Kubarikiwa

Mimi ni mtu wa njia. Nimefika Kibeho mara mbili na Namugongo mara moja, na kule nisikofika, kama Lurdi, Yerusalemu na Maka, nimewauliza waliofika mpaka wakanichoka. Swali langu ni moja: ulikwenda na nini, na ulirudi na nini? Wengi hunijibu kwamba walikwenda na chupa tupu wakarudi na maji. Kwetu Masisi watu wengi hufanya kinyume. Mtu huenda na kitu chake, kikabarikiwa, kisha hukirudisha nyumbani kikafanye kazi.

Safari hii ya hija, pelerinaji kama tunavyoiita, sikuichagua. Mama alinituma. Anaishi kambini Lushebere tangu vita vilipomkimbiza kutoka shamba letu la mlimani, karibu na Kashuga, misimu mitatu iliyopita. Siku ile aliokoa sufuria, kitenge na kikombe kimoja cha mbegu za maharagwe, yale meusi yenye doa jeupe aliyorithi kwa bibi yake. Hakuyapika hata njaa ilipouma. Aliahidi kwamba siku atakapopata udongo, mbegu hizo zitapita kwanza kwa Bikira Maria, kwenye pango lililo upande wa Walikale. Sasa familia moja ya wakulima imemwazima kipande cha ardhi kando ya kambi, na miguu yake haiwezi tena mwendo wa siku tatu.

“Urudi mbele ya mvua kubwa,” aliniambia akifunga mbegu katika kitambaa cha bluu. “Na usizilowanishe. Hakuna zingine.”

“Mama, mimi si mutoto.”

“Njo maana nakurudilia. Mutoto angesikia mara moja.”

Jumanne asubuhi tuliondoka Lushebere watu kumi na wawili. Kiongozi wetu alikuwa Papa Bahati, katekista mwenye masharubu meupe na buti za plastiki, anayetembea kama mtu anayefukuzwa. Mashamba ya kwetu yamesimama wima, mtu analima huku amejishikilia kwenye mlima. Chini yake ng’ombe wanakula majani, na ukungu unakuja na kuondoka bila kuaga. Nilipita mahali ambapo nikiwa na miaka kumi nilikuwa nakuja na baba kuuza viazi. Soko halipo tena, lakini jiwe alilokuwa akikalia bado lipo, nikalikalia kidogo.

Kwenye baryeri, kizuizi cha barabarani kabla ya Nyabiondo, mwenye bunduki alibonyeza kitambaa changu.

“Humu iko nini?”

“Mbegu ya maharagi. Napelekea Maria.”

“Maria anakulaka maharagi?”

“Ni ya kubariki.”

Alicheka, akanirudishia. “Basi mumuambie na mimi niko hapa.”

Jumatano tulianza kushuka kuingia msituni. Hewa ikawa nzito, matope yakafika magotini, na badala ya mikaratusi ikaja miti ambayo majina yake siyajui. Njiani nilifanya kazi yangu ya kuuliza na kuandika. Mmoja alibeba jembe jipya. Mwingine picha ya mumewe. Mama mmoja mnene alinionyesha ufunguo uliofungwa kwa uzi shingoni: mlango wa nyumba yake ulichomwa, lakini kufuli ilikuwa nzuri, akasema, na hakuona sababu ya kutupa ufunguo wa kufuli nzuri. Nilitaka kumuuliza zaidi. Papa Bahati akapiga kelele kutoka mbele: “Mwandishi! Miguu na mudomo, chagua kimoja!”

Alhamisi, kama saa saba mchana, tulifika kijiji cha mwisho kabla ya pango. Wenyeji hugawana mahujaji, nyumba hii wawili, nyumba ile watatu. Papa Bahati na mimi tulipewa nyumba ya Mama Furaha, mwanamke wa msituni mwenye watoto wanne na kicheko kinachomtangulia mlangoni.

“Karibuni, bapapa! Mutoke Masisi mupaka huku kwa miguu? Huko kwenu pikipiki zimekufa?”

Nyumba yake ilikuwa na unyevunyevu, hata ukuta ulitoa jasho. Nikakumbuka onyo la mama, nikafanya jambo ambalo kila mtoto wa Masisi angefanya. Kwetu mbegu hutundikwa juu ya jiko, moshi uzikaushe na wadudu wazikimbie. Niliingia jikoni, nikakiweka kitambaa kwenye chanja juu ya moto, nikaenda mtoni kuoga kwa moyo mweupe. Baadaye tuliitwa kwenye maandalizi ya sala, tukakaa huko hadi jua lilipoanza kulala.

Tuliporudi, tulikuta sombe ya majani ya muhogo, bugari, ndio ugali wetu, na bakuli la maharagwe. Nilikula kwa pupa. Nikamwambia Mama Furaha, “Haya yananikumbusha ya mama yangu. Utamu ni uleule.”

“Eeh, si ni yenu!” akasema. “Aksanti sana. Hapa kwetu maharagi inaoza kwa shamba, batoto bana mwaka hawajayaonja.”

Kijiko kikanisimama mdomoni. Nilinyanyuka nikaenda jikoni. Kitambaa cha bluu kilikuwa kimekunjwa vizuri kwenye chanja, kitupu.

Nilipomweleza, kicheko chake kilikatika. “Papa, pardon! Kwetu mugeni akiweka kitu kwa moto, iko anasema: mama, tupikie. Nimepika mbegu ya mama yako!”

Papa Bahati alitazama bakuli, akanitazama. “Ndugu yangu,” akasema polepole, “umekula pelerinaji yako.”

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Mimi akilini nilimwona mama amekaa mlangoni pa turubai lake, anahesabu siku.

Ghafla Mama Furaha akapiga mapaja yake. “Mbovu! Nilichagua mbovu, nikatupa nje!” Alitoka mbio, sisi nyuma yake. Kabla ya kupika alikuwa ameondoa maharagwe yaliyokunjamana na kuyamwaga kando ya ukuta, na kuku alikuwa tayari kazini. “We kuku, toka! Hii iko ya Maria!” Tukapiga magoti wote, watoto, katekista na mimi, tukachambua majani na udongo mpaka giza likatuondoa. Tulipata kumi na moja.

Ijumaa asubuhi tulipanda pangoni pamoja na mahujaji wengine. Ni mwamba mweusi unaotiririsha maji, sanamu ndogo, na nta ya mishumaa iliyogandana kama ulimi wa ng’ombe. Hakuna cha kushangaza macho. Lakini padri aliposema tuinue tulichobeba, mikono mia ikaenda juu: jembe, picha, ufunguo. Mimi niliinua kumi na moja mbovu. Maji yaliyonyunyizwa yakayalowanisha, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne sikuogopa.

Jumatatu saa kumi jioni nilifika Lushebere. Mama alifungua kitambaa, akazihesabu.

“Na zingine?”

“Tulizila, mama.” Nikamweleza yote.

Alizirudisha mbegu kwenye kitambaa. “Batoto ba ule mama walishiba?”

“Walilamba bakuli.”

“Na wewe ukasema ni tamu.”

“Nilisema ni kama yako.”

“Kumbe ulimi yako haijasahau,” akasema, akachukua jembe.

Kati ya kumi na moja, saba ziliota. Mama alizilinda kwa miiba, akawafukuza mbuzi wa kambi nzima. Miezi mitatu baadaye alivuna maganda machache ya maharagwe yaleyale meusi yenye doa jeupe, hakupika hata moja. Mbegu nyingi alizirudisha kwenye udongo. Konzi moja aliifunga katika kitambaa cha bluu, akanipa.

Nimehiji mara kadhaa nikiwauliza watu walibeba nini. Sikuwahi kumuuliza mtu alimlisha nani njiani. Mama, ambaye hajafika hata Goma, alianza na swali hilo.

“Pelekea Mama Furaha,” aliniambia. “Umuonyeshe atafute pahali pa juu, maji isisimame. Akivuna, apike yote akitaka.”

“Na nikifika niziweke wapi, mama?”

“Kwa mukono yake,” akasema. “Usiende tena jikoni ya watu.”