Unga Mwekundu wa Gong Shuzhen

Gong Shuzhen hakuwahi kuomba kuishi na unga unaong'aa. Alitaka kuwa daktari, lakini alipomaliza chuo serikali ikampangia maabara ya metali adimu pale Changchun. Miaka ishirini baadaye alikuwa bado pale pale, mikono imekauka kwa tindikali, akitengeneza unga mweupe ambao viwanda huupaka ndani ya taa za mirija. Ukiutazama hivi hivi utadhani ni wa ngano. Ukiumulika kwa taa ya urujuanimno, unatoa wekundu mkali.

Majira yale ya baridi unga ukagoma.

Alipima yitriamu, metali ya msingi, akatia yuropiamu kidogo, ile inayotoa rangi, akaosha mashapo yaliyotuama, akachoma, akasubiri tanuru lipoe. Akaumulika: wekundu wa kaa linalokufa. Akarudia, ikawa vile vile. Alidhani fuwele hazikujipanga vizuri, maana chembe ya yuropiamu hukaa ndani ya fuwele kama mpangaji chumbani. Chumba kikiwa sawa pande zote hutoa rangi ya chungwa, kikiwa kimepinda kidogo ndipo wekundu safi hutoka. Akapeleka unga kwenye mashine ya eksirei. Majibu yakaja kwamba fuwele ni nzuri kabisa, kila chumba mahali pake. Hilo lilimkera kuliko kama angeambiwa ameharibu.

Basi lawama akamtupia Tong Baoshan, mwenzake waliyefanya naye kazi chumba kimoja, ambaye baridi ikianza huoka viazi vitamu katika joko la kukaushia unga.

"Mzee Tong, hii ni maabara au jiko la mama yako?"

"Kiazi hakijawahi kuzima taa, Dada Gong."

"Chako kimezima yangu."

Tong alinuna. Wakawa wanapishana mlangoni bila salamu. Kisha Tong, kimya kimya, akachota dawa zile zile na maji yale yale, akaenda kutengeneza unga wake jengo la pili, kwenye tanuru ambalo kiazi hakijawahi kukanyaga. Akarudi, akauweka chini ya taa kando ya ule wa Shuzhen. Nao ulikuwa hafifu. Shuzhen alitamani kulia, kwa kuwa sasa hakubaki mtu wa kulaumiwa.

Tong akamuuliza ni vitu gani wote wawili walitumia. Wakavipitia, mpaka wakafika kwenye maji. Shuzhen akasema maji hayana neno, mtambo wa kuyakeneka kwa mvuke umetengenezwa juzi tu. Akamimina maji katika bakuli jeupe, akayachemsha yakakauka yote. Chini pakabaki duara la rangi ya kutu.

Chuma. Kiasi kisichoonekana kwa macho chatosha kuuharibu unga. Huipora yuropiamu nguvu kabla haijawa mwanga. Na aliyemsumbua fundi asubuhi na jioni, mpaka akachoka akaunga bomba la chuma kwenye mtambo wa maji badala ya kungoja la kioo, alikuwa Shuzhen mwenyewe.

"Haya, sema," akamwambia Tong.

"Niseme nini? Mimi nina njaa."

"Nisamehe, Mzee Tong. Nilikuonea."

Alisema huku akilitazama bakuli. Tong akajibu kwamba ameshazoea kuonewa, ana mke nyumbani.

Waliomba maji kwenye maabara ya jirani, wakachoma unga mpya. Safari hii, taa ilipowashwa, wekundu uliwapiga usoni hadi Tong akacheka peke yake. Mkurugenzi Yan alikuja kutazama, akaridhika, akawasifu. Kisha akasema watu wa kiwanda cha taa wamepiga simu asubuhi: sasa wanataka unga laini zaidi, wenye mng'ao ule ule.

Shuzhen alikuwa ameshavaa koti la kuondokea. Ukisaga fuwele unazijeruhi, na mwanga hupungua; Yan alilijua hilo, maana ndiye aliyemfundisha Shuzhen.

"Mkurugenzi, uliwajibuje?"

"Nimewaambia inawezekana."

Shuzhen akalivua koti, akalitupa juu ya kiti, akavuta kinu cha jiwe la akiki karibu yake, akaanza kusaga.