Ukuta Uliokuwa Ukijibu Marcella

Hii ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi, ng'ombe wangu akauke maziwa leo jioni.

Mwaka wa tisini na sita, huku kwetu karibu na Roret, ukuta wa kituo cha majani chai ulianza kujibu watu.

Wenyewe. Bila mkono.

Nyinyi wa bando mnafikiri kukomenti kulianza na simu. Ngojeni.

Marcella, mjane wa jirani yangu, alikuwa amechoka kuona watoto wakishikwa na taifodi kila mvua ikianza. Akataka tujengee chemchemi yetu simiti, tuchimbe mtaro, tulete bomba hadi kituoni.

Siku hizo ukiwa na neno kwa wakulima, unaliandika kwa ukuta wa kituo, ule wa chokaa. Kila mtu atasimama hapo na kikapu chake akingoja lori la kiwanda.

Akaandika: Alhamisi, njooni na jembe.

Jioni, chini yake kukawa na jibu: Utachoka tu.

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Akaandika tena. Ukuta ukamjibu: Nani amekutuma? Halafu: Tafuta bwana kwanza.

Hakuna aliyeona mtu akiandika. Nikaelezea watu kwamba hapo chini amezikwa mzungu mmoja mkali, na kwamba mimi mwenyewe nimesikia ukuta ukikohoa.

Mchungaji akaletwa, akauombea. Kesho yake: Amina. Lakini utachoka tu.

Alhamisi ya kwanza mtaro ulijaa majembe. Iliyofuata, wachache. Mwishowe akabaki Marcella na bibi yangu Joan, mama ya Kipkurui wetu, ambaye alirudi nyumbani na matope hadi magoti, akakaa tu, gambuti bado ziko mguuni.

Jioni moja tukingoja mizani ya majani, Marcella akasimama mbele ya ule ukuta. Mtoto wake Kiptanui alikuwa amelazwa tena.

"Matope si kitu," akasema polepole. "Ni haya maneno. Nikiinua jembe nayasikia. Wacha mtaro ukae hivyo."

Nikatia mikono mfukoni.

Halafu akagusa yale maandishi, akanusa kidole.

"Mama Kipkurui, hebu nusa. Hii ni makaa ya jiko kweli?"

Joan akanusa. Hayakuwa ya jiko. Yalikuwa makaa ya senetwet, ule mti ambao wamama wetu huchoma, wakasugua makaa yake ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Harufu yake huwezi kukosea. Na Joan alikuwa ameuliza nyumbani, mara si moja, ni panya gani anakula makaa yake.

Akanigeukia.

"Baba Kipkurui. Toa mikono mfukoni."

Nikasema huo weusi ni utomvu wa majani chai. Akainua vidole vyangu hadi puani, mbele ya watu wote.

"Utomvu gani unanuka kibuyu?"

Nilitoa faini ya kondoo. Marcella akakataa kondoo.

"Utabeba maji kama sisi wanawake, hadi pipa la kituo. Kwa mgongo, kamba kwa kichwa. Mpaka bomba lifike."

Mwanaume mzima wa Kipsigis. Wakati huo. Watu waliacha vikapu vyao wakaja barabarani kuangalia. Na Alhamisi iliyofuata majembe yakarudi, wengine, nadhani, wakija kuniona tu.

Kile kilima hakina huruma. Mtungi ulivuja hadi ndani ya suruali. Nilipofika kituoni nikaegemea ukuta nipumue, na hapo karibu na uso wangu, maneno mapya:

Utachoka tu.

Nikanusa. Yalikuwa makaa ya kibuyu chetu.

Joan alikuwa kwa foleni, akiangalia mizani kama mtu asiyejua kusoma.

Kwa hivyo wewe ambaye kidole chako kimeshaanza kuandika hapo chini ya kazi ya mtu, bebea hiyo kazi mtungi mmoja kwanza. Kisha andika.

Mimi nilimwaga mtungi wangu. Pipa la kituo lilikuwa nusu. Nikarudisha kamba kichwani, nikateremka.

Na nilichoka, jamani. Nilichoka.