Baba Anaandika

Mume wangu alikuwa na mtani wake, Mzaramo, fundi wa redio na simu pale sokoni Tabora. Sisi ni Wanyamwezi, na utani wetu na Wazaramo ni wa tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka Pwani na mizigo kichwani. "Tuliwapa maji ya kunywa, hata asante hamkusema," fundi alikuwa akimwandikia mume wangu kwenye simu karibu kila asubuhi. Mume wangu, mstaafu wa reli aliyefuga nyuki kule Ipole, alimjibu kabla hata hajanawa uso: "Maji yenyewe yalikuwa ya chumvi." Walinichosha. Chai inapoa, na watu wazima wawili wanatukanana na kucheka peke yao kama wehu.

Mume wangu alipofariki, mtani alikuja msibani kwetu Itetemia kufanya kazi yake. Vijana walipomaliza kuchimba kaburi, alishuka akalala humo, akasema hatoki mpaka apewe kuku. Siku ya kuanua tanga alivaa kofia ya marehemu, akachukua na fimbo yake, akawa anatembea kama yeye, bega moja chini, huku akimkaripia kila mtu kuhusu mizinga yake. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa hajala chakula cha maana tangu siku ya kwanza, alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Ndiyo maana ya mtani msibani. Bila yeye tungelia mpaka tuugue.

Kisha akaiona simu ya marehemu juu ya kabati. Haikuwa na namba ya siri, kwa sababu mume wangu alikuwa akisema hana cha kuficha isipokuwa asali. Mtani akaichukua, kofia ikiwa bado kichwani, akaandika kwenye kundi la familia: "Nimefika salama. Huku hakuna nyuki, wamejaa Wazaramo tu, wanacheza ngoma kutwa. Nani kavaa kofia yangu?" Simu zikalia kila kona ya turubai, na watu wakaangua kicheko.

Familia yote ilikuwa pale isipokuwa mwanangu. Kijana wetu wa pekee anasoma India, na ndege ya kumfikisha kabla ya maziko ilikosekana. Alinipigia dakika ile ile. Nilipopokea nikasikia pumzi tu, za mtu anayejizuia, halafu akakata.

Nilipandwa na hasira. Mtani hakasirikiwi, hilo nimelijua tangu utotoni, lakini nilimpokonya ile simu mbele ya wakwe zangu wote.

"Shemeji," nikamwambia, "mwanangu yuko peke yake huko, anaangalia simu, anaona jina la baba yake linaandika. Umemfanyia nini mtoto wangu?"

Akavua kofia. Akaondoka kabla ya chakula.

Baada ya arobaini, mdogo wa mume wangu alianza kunihimiza nifunge akaunti za kaka yake. Laini ikikaa bila kutumika, alisema, kampuni itampa mtu mwingine, na matapeli nao wanazipenda akaunti za marehemu. Siku moja tungeshtukia mtu tusiyemjua anaomba pesa kwa jina na sura yake. Alikuwa sahihi, nami wazo hilo lilinikosesha raha. Ukurasa wake wa picha za mizinga niliufunga mwenyewe, baada ya kuzihamisha picha zote. Ikabaki akaunti ya meseji, yenye matusi yote ya asubuhi na mazungumzo yake na mwanetu. Nilifika mpaka pale pa kubonyeza, nikashindwa. Hiyo haikuwa yangu peke yangu.

Tatizo ni kwamba tangu siku ya tanga, mimi na mwanangu tulikuwa tunaongea habari za mitihani na chakula tu. Nilimpigia, nikamwomba radhi kwa niaba ya mtani.

"Mama, siku ile nilikuwa nacheka," akasema. "Nilikata ili usinisikie. Niliona vibaya, baba amekufa halafu mimi nacheka."

Nikaibana simu sikioni.

"Nyie mlikuwa na turubai, mlikuwa na watu. Mimi nilikuwa na ile meseji. Ndiyo msiba wangu wote, mama."

Nililia, tena kwa sauti, na yeye akalia huko aliko. Kisha akakubali akaunti ifungwe, ila akaomba kitu kimoja: mtani amuage kwanza kwa meseji, kwa jina la baba. Mtani ndiye anayejua baba anavyoongea.

Nilimfuata mwenyewe sokoni, maana kwa maneno niliyomtolea asingekuja kwa kuitwa. Jumamosi akaja, amevaa shati lililopigwa pasi. Nilimpa chai, nikampa simu ya marehemu, na kwenye simu yangu nikamweka mwanangu hewani ili sote tumsikie.

"Shikamoo, baba mdogo," mwanangu akamsalimu.

"Marahaba, mpagazi wangu. Kaa tayari, baba yako ana maneno mengi leo."

Akaanza kubonyeza.

"Naona," mwanangu akasema. "Mama, baba anaandika."

Nilikuwa nimekaa karibu na mtani, kwa hiyo niliona. Aliandika maneno mawili, akayafuta. Akaandika mengine, akayafuta. Mtu huyu alikuwa na neno la kumtupia kila Mnyamwezi aliyepita mbele ya kibanda chake. Chozi likadondoka kwenye kioo, akalipangusa kwa kiganja, akaanza upya.

"Bado anaandika," mwanangu akasema, polepole.

Mtani akaiweka simu mezani, karibu na kikombe ambacho hakukigusa. Akatikisa kichwa. Nikamshika mkono.

Nikafikiri simu ya India imekatika.

"Ameacha," mwanangu akasema. "Basi, mama. Funga."