Fundi wa Makuti na Ndege Ndefu

Juu ya paa la hoteli yetu hapa Diani, fundi wa makuti huezeka bila kutazama mikono; vidole vyake vinaijua kamba. Ndege ya kwenda Ghuba ikipaa kutoka Mombasa, huinua kidevu mara moja tu. "Ndefu." Au, "Fupi." Wallahi, mimi ninayempelekea chai sizitofautishi: shirika moja, rangi moja. Yeye hupima kwa jicho, kutoka bawa hadi mkia, kama apimavyo paa. Kila mara nilihakikisha kwenye simu, katika programu inayoonyesha aina ya kila ndege ipitayo, na hakuwahi kukosea.

Jumanne binti yake alikwenda Doha kutafuta kazi. Ndege yake ilipopita, kamba ilimponyoka.

"Ndefu," alisema, akijifuta macho kwa kiganja chenye vumbi.

Simu yangu ilionyesha fupi.

"Naam, baba," nikamjibu. "Ndefu sana."