Prosesa Iliyonunuliwa kwa Maksai

Mkataba wangu wa kazi ulipoisha nilibaki Mlolongo, kando ya Nairobi, kwa sababu sikuona faida ya kwenda pengine. Rafiki yangu wa chuo, ambaye bado alikuwa ameajiriwa, alilipa kodi ya chumba. Mimi nilipika, nikapiga deki, nikapangusa vumbi la machimbo ya mawe, ambalo huingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Muda uliobaki nililala. Nilifungua macho saa tano, nikatazama dari, nikageukia ukuta. Sikuwa mgonjwa, au kama nilikuwa, hakuna aliyenipa jina la ugonjwa huo.

Kitu kimoja tu kiliweza kunikalisha kitako: kuwaza kompyuta ya kuchezea gemu. Miaka yote ya chuo nilicheza kwenye mashine za watu, nikiinuka mwenye mashine akitaka kiti chake. Nilitaka yangu, na nilitaka idumu. Kila nilichowahi kuwa nacho kilikuja na tarehe ya mwisho. Hii nilitaka niinunue mara moja, inibebe miaka kumi. Na anayetaka miaka kumi huanza na prosesa. Kadi ya picha unaweza kuuza ukanunua nyingine, lakini prosesa, ubongo wa mashine, ndiyo inayoamua bodi ya kuchomekea kila kitu, na bodi inaamua memori. Ukikosea hapo, umekosea yote.

Basi nikasoma. Kulikuwa na prosesa ya viini sita, ya soketi mpya, yaani kikalio chake kwenye bodi, ambayo watengenezaji waliahidi kwamba bodi yake itapokea matoleo yajayo. Kulikuwa na nyingine ya soketi ya zamani, viini vinane, bei nafuu, lakini bodi yake ilikuwa imefika mwisho wa safari. Mtu mwingine angechagua jioni moja. Mimi niliuliza nani atawashtaki hao watengenezaji wakivunja ahadi. Niliuliza nani anawalipa wale wanaopima prosesa kwenye video. Nilisomea takwimu, na nikiona grafu ambayo haianzii sifuri naifunga.

"Niaje, profesa," rafiki yangu alikuwa akisema akirudi kutoka kazini. "Umeamua?"

"Soketi mpya inataka memori ya aina mpya, na bei ya memori imepanda tena."

"Si ulisema unangoja ishuke?"

"Nilisema inaweza kushuka."

"Buda, wewe unachumbia hii kitu. Oa ama uache."

Ukweli ni kwamba sikuwa na pesa za kuoa wala kuacha. Nilikuwa nachagua kitu nisichoweza kununua, na siku nilipokiri hivyo moyoni, hata kusoma kukanishinda. Nikaenda nyumbani, Kivaa, nikalala huko.

Baba yangu ni mkulima. Wakati huo alikuwa na maksai wawili wa kuvuta plau, waliofunzwa pamoja tangu wakiwa ndama. Alasiri moja alisimama mlangoni pa chumba changu akiwa bado na matope miguuni.

"Mwanake," akaniita, yaani kijana, kwa Kikamba, "mtu akilala hivi mchana kuna kitu anangoja. Wewe unangoja nini?"

Nikamwambia.

"Ni mashine ya kazi?"

"Ya kucheza, nau," nikasema, nikimwita baba kwa Kikamba.

"Asi!" Sauti ya mama ikatoka jikoni. "Digrii yote hiyo imeishia mchezoni!"

Baba hakucheka wala hakukemea. Siku ya mnada wa mifugo aliondoka na maksai mmoja akarudi na kamba mkononi. Aliniwekea pesa juu ya godoro.

"Nunua hiyo kitu. Kama itakuamsha, mimi sina swali."

"Na shamba utalima na nini?"

"Jirani ana mmoja. Tutawaunganisha."

Ningekataa. Nilifikiria kukataa, kisha nikazihesabu, na kuhesabu kwenyewe kukawa jibu.

Pesa hizo hazikutosha soketi mpya na memori yake. Nikachukua njia ya zamani: bodi, memori na kadi ya picha vikatoka Nairobi, na prosesa nikaipata mjini Machakos, kwa mzee mmoja anayeuza kompyuta zilizotumika kwenye ofisi za Ulaya. Familia yake ni Waislamu wa hapo mjini kwa vizazi, na Kiswahili chake kinafanya changu kisikike kama cha kukodi. Alikuwa na prosesa ya viini vinane, toleo lililotengenezewa maofisi, lenye bei ya chini kuliko lile linalouzwa dukani.

"Hii imekaa ofisini, mwanangu," alisema. "Haijaona mateso."

"Utanipa waranti?"

"Mashine nzima nakupa waranti. Kipande nakupa kama kilivyo."

Nilisoma maelezo yake kwenye simu nikiwa nimesimama pale kaunta. Toleo la ofisini lilikuwa na ulinzi wa ziada ndani yake. Nikajiambia wenye ofisi hawanunui takataka. Niliwadharau wote wanaonunua kwa kusikia matangazo. Nikakagua pini zake, hakuna iliyopinda, nikalipa.

Tuliunganisha mashine Jumamosi, mimi na rafiki yangu, chumbani Mlolongo, juu ya meza ya kulia. Feni zikazunguka. Kioo kikabaki cheusi. Tukabadilisha waya, tukatoa memori tukarudisha, tukasubiri. Feni zilizunguka vizuri sana.

"Labda inaona haya," alisema rafiki yangu. Aliponitazama usoni hakuongeza mzaha.

Jibu nililipata siku iliyofuata, mtandaoni, katika malalamiko ya mtu wa nchi nyingine. Kuna kompyuta za ofisini ambazo, prosesa ikiwashwa mara ya kwanza kwenye bodi yake, bodi huichoma alama ndani, na tangu hapo haiwaki kwenye bodi ya mtengenezaji mwingine. Alama hiyo haifutiki. Huo ndio uliokuwa ulinzi wa ziada. Prosesa yangu haikuwa na kasoro yoyote. Ingedumu miaka kumi kama nilivyotaka, kwenye bodi nisiyokuwa nayo.

Nikairudisha Machakos pamoja na bodi yangu. Mzee hakubishana. Alijaribu nyingine, kisha nyingine, na kioo hakikubadilika. Zote zilitoka kwenye shehena moja.

"Wallahi sikujua," alisema, akakaa chini. "Miaka yote nauza mashine nzima nzima." Akaniambia atanipunguzia bei ya kompyuta ile ile iliyotolewa prosesa. Nilipima sanduku lake kwa kiganja. Kadi ya picha isingeingia, na hata ingeingia, umeme wake usingeibeba. Ningekuwa na kompyuta ya karani. Na hata hiyo sikuwa na pesa yake. Nikaondoka na prosesa yangu, maana kipande alikuwa amenipa kama kilivyo.

Mvua ilipoanza nilikwenda Kivaa, maana mama alipiga simu akasema shamba halijalimwa. Maksai wetu alikuwa amekataa mwenzake mgeni. Wakifungwa nira analala kwenye mtaro, na akipigwa analala zaidi. Jirani alikuwa amemchukua wake akaenda kulima kwake. Nilimkuta baba amekaa kwenye plau.

"Imekuamsha?" aliniuliza.

Nikamweleza. Nilitoa prosesa mfukoni, nikamwonyesha. Aliiweka kiganjani, akaigeuza, akaitazama chini na juu.

"Haijavunjika?"

"Haijavunjika. Imekataa bodi."

"Na hakuna bodi inayoikubali?"

"Iko moja. Ile yake ya kwanza, iliyobaki Machakos."

"Inauzwa?"

Nilijua macho yake yameelekea wapi. Maksai alikuwa amesimama kando ya ua, anacheua.

"Hapana, nau. Usimuuze huyo."

"Huyu peke yake halimi. Anakula tu."

"Usimuuze."

"Kwa nini?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa anataka kujua. Mama alikuwa tayari katikati ya shamba, ameinama na jembe la mkono, na udongo aliokuwa akiugeuza ulikuwa umeshaanza kukauka. Nilitafuta jibu moja ambalo mimi mwenyewe nisingelipinga. Baba alinirudishia prosesa, akainuka, akaenda kufungua kamba ya maksai.