Punje ya Mahindi Ukutani

Kila nipitapo penye ujenzi baada ya mvua, nikakuta mfuko mtupu wa saruji umelowa pembeni, harufu yake hunisimamisha. Wenzangu huona takataka, mimi huona kilima. Nimehama miji mingi, na karibu kila mji nimewahi kuinama kuupapasa mfuko wa namna hiyo huku watu wakinitazama. Waache watazame.

Kilima chenyewe nilikijenga Wingwi, kule Pemba, na kufika Wingwi haikuwa kazi ndogo. Mama alikufa Urambo nikiwa na miaka tisa. Baba, mfanyakazi wa reli aliyelala kwenye treni zaidi kuliko nyumbani, akaamua nipelekwe kwa mama yake. Treni ilitutoa Tabora, basi likatufikisha Tanga tukiwa na rangi ya udongo, kisha boti ya mizigo ikatuvusha hadi Wete. Humo nilitapika pamoja na mbuzi mmoja, zamu yangu, zamu yake, mpaka tukazoeana. Kutoka Wete tulipanda gari ya shamba iliyoturusha kama mchele kwenye ungo. Bibi yangu, Bi Mize, alinipokea kwa uji wa mchele, na asubuhi yake akanipa jembe.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Mimi nimekupa ya kwanza. Basi weye si mgeni."

Nilimwamini. Watoto wa mtaa hawakumsikia.

Babu yangu alikuja kisiwani kutoka bara akiwa kijana, kuchuma karafuu. Akaoa hapo, akazikwa hapo. Lakini kwa wenzangu nilikuwa "wa bara" tu, na matamshi yangu ya Urambo hayakunisaidia. Mkubwa wao alikuwa Faki, jirani yetu, aliyenizidi mwaka mmoja na sauti mara tatu. Nyuma ya banda la kwao alikuwa na ubao wa mlango mbovu, na juu yake yeye na wenzake walikuwa wamejenga mji wa kuchezea.

Ulikuwa mfano wa mji wa kale uliobaki kuta chache za mawe porini, karibu na mkono wa bahari. Wakubwa walisema Wareno waliuchoma. Faki na wenzake waliupigania upya kila msimu wa karafuu, wakati watoto tuliwekwa kulinda majamvi ya kuanikia, tufukuze kuku na kuangalia mvua. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa amekataza masanamu ya watu, na hakuna aliyetaka kwenda motoni kwa ajili ya Mreno. Kwa hiyo karafuu ndiyo iliyokuwa mtu. Ina kichwa, ina kiwiliwili, na ukiichomeka kwenye udongo inasimama kama askari. Watu wa mji walikuwa karafuu kavu nzuri. Wareno walikuwa mpeta, zile zilizopitiliza mtini zikavimba matumbo. Upande mmoja ulirusha simbi nne, yale makombe madogo ya baharini, kisha mwingine. Kila simbi iliyolala chali ilikuwa imeua mtu. Na sheria kubwa ya Faki ilikuwa hii: mji haujatekwa maadamu mtu mmoja wa mji bado amesimama ukutani.

Siku ya kwanza niliyouona ubao ule nilicheka. Minazi yao ilikuwa mifupi, kimo cha karafuu moja na nusu.

"Yakhe, huyu akinyoosha mkono anaangua nazi!" nilisema.

"Kajenge wako basi, mjuzi wa bara," Faki akajibu.

Nikajenga. Nilipima kila kitu kwa karafuu. Mlango uwe mrefu kuliko karafuu, la sivyo mwenye nyumba atapasuka kichwa. Mnazi uwe karafuu nane. Nilitumia chelewa za ufagio kwa mashina na manyoya ya kuku kwa makuti. Mikoko niliisuka kwa nyuzi za makumbi ya nazi, mizizi ikiwa juu ya matope kama ilivyo kweli. Mkono wa bahari niliupaka bluu ya kufulia, na Bi Mize akatafuta bluu yake wiki nzima. Kilima nilikiunda kwa karatasi za mifuko ya saruji nilizoziloweka katika uji wa muhogo, tabaka juu ya tabaka, nikanyunyizia unga wa mbao uliotiwa manjano na majani ya kisamvu yaliyotwangwa. Kilipokauka, hata Faki alikizunguka mara mbili. Tukaiunganisha kazi yangu na ubao wa Faki, kilima tukakiweka nyuma ya mji, na vita vikapata pa kujificha.

Kisha tukagawana watu. Kila mtoto alisimamia nyumba ya wazee wake.

"Na mimi?" nikauliza.

"Weye chukua Wareno."

"Sitaki Wareno. Nipe karafuu moja tu mjini."

"Babu yako hakuwapo hapano enzi hizo. Nani atakuweka?"

Nikajibu kwa mikono. Nilikiinua kilima changu, majani yakipukutika, nikaondoka nacho kichwani.

"Rudisha kilima!" akapiga kelele.

"Wareno wameondoka nacho!"

Siku ya pili alinifuata mwenyewe, kwani bila kilima vita havikuwa na utamu. Lakini karafuu hakunipa. Basi nilirudi na kilima, na mfukoni nimetia punje ya mahindi niliyoiokota kwenye chakula cha kuku. Nikaibandika juu ya ukuta kwa utomvu wa mfenesi. Faki akaing'oa. Nikabandika nyingine. Akaing'oa. Ikawa ndiyo desturi yetu ya msimu mzima, na vidole vyetu vyote vilinata. Mwishowe akachoka.

"Iache. Hiyo si mtu. Hayumo."

Siku moja kabla ya karafuu kupelekwa kupimwa, tulicheza vita vya mwisho. Wareno walikuwa wa Omari, mdogo wake Faki, mtoto mwenye bahati ya kuudhi. Alirusha simbi, zikalala chali. Akarusha tena, zikalala chali. Karafuu za mji zikaanguka moja moja mpaka ukuta ukabaki mtupu. Mtupu, isipokuwa mahindi yangu.

"Mji nimeuteka!" Omari aliruka.

"Hujauteka," nikasema. "Kuna mtu amesimama."

"Kaka kasema hayumo."

Wote wakamgeukia Faki. Jasho lilimtiririka. Akisema hayumo, mji wa babu zake umekwenda. Akisema yumo, ameyameza maneno ya msimu mzima mbele ya watoto wote wa mtaa. Nami sikumsaidia. Nilimkazia macho tu.

"Yumo," akasema chini chini.

"Nani?" nikauliza.

"Ebo! Yumo, nasema! Mtu wetu huyo!"

"Kama yumo, afe," Omari akasema, akarusha simbi. Zote nne chali.

Faki akashika kichwa. Mimi nikaruka juu nikipiga kelele, "Nimekufa! Nimekufa!" mpaka Bi Mize akatoka mbio na mwiko mkononi, akidhani nyoka ameniuma. Mji ulikuwa umetekwa, na ndani yake hapakuwa na mwenye furaha kama maiti yule.

Kwa miaka mingi nilidhani siku ile nilimshinda Faki. Baadaye, katika miji ambako nimefanya kazi, nikalipa kodi na kuzika majirani bila mtu kunihesabu, ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikidai. Asiyehesabiwa hafi, ni kweli, na wapo wanaoona huo ni usalama. Mimi niliukataa nikiwa mtoto na bado naukataa. Nilitaka kuanguka pamoja nao. Sikuomba kwa upole, wala sijutii.

Niliondoka Pemba kabisa baada ya kumaliza sekondari. Bi Mize alikuwa ameshazikwa kando ya babu, na miguu yangu ilikuwa na washawasha usioponyeka. Faki alinibebea begi hadi bandarini Wete. Karani wa tiketi alilisoma jina langu la kibara, akanitazama usoni, akatabasamu kwa wema kabisa.

"Unarudi kwenu, eh?"

Faki alifungua kinywa. Nikamwekea mkono begani; jibu hili lilikuwa langu.

"Hapana, bwana," nikamwambia karani. "Ndiyo kwanza natoka kwetu."