Hapana ya Nyuma ya Karatasi

Hebu mwone, ndugu msomaji, mama mmoja akishuka garini mbele ya nyumba ya dada yake mjini Huntsville, mbali na kaunti yetu lakini jimbo lilelile la Alabama, Sikukuu ya Shukrani, keki ya siagi kaikumbatia kama mtoto mchanga. Huyo ni Verlene Mosley, jirani yangu. Mimi ndiye niliyemwendesha, maana tangu mumewe Hosea afariki hapendi kushika usukani.

Hosea alianguka jikoni asubuhi, chai haijachemka. Kaunti yetu haina gari la wagonjwa. Lilitoka kaunti ya jirani, na lilipofika Verlene alikuwa keshamfunika shuka. Baada ya mazishi akauliza kwa nini sisi hatuna letu. Akaambiwa fedha yake ingetokana na kodi ndogo ya ardhi, na katiba ya jimbo hairuhusu kaunti yetu kutoza kodi hiyo mpaka katiba yenyewe irekebishwe.

"Basi irekebisheni," akasema.

Akamganda mbunge wetu mpaka hoja ikafika Montgomery, kwenye bunge la jimbo. Ikapita, ila mbunge mmoja wa mbali akapinga. Wangekubali wote, tungepiga kura sisi wenye kaunti tu. Huyo mmoja alitosha kuipeleka kwa jimbo lote, kwa watu wasioijua hata barabara yetu. Wao wakikataa, basi, hata sisi tukikubali vipi.

Verlene akazunguka jimboni, vituo vya mafuta, saluni, makanisa ya watu baki, akiwaomba wakubali.

"Dada Verlene, kumbe unautaka ugavana?" walimtania.

"Ningekuwa gavana, ningeanza kwa kukufukuza kazi wewe. Haya, mwezi wa kumi na moja geuza karatasi ya kura, soma na nyuma, swali letu liko huko."

Ilipofika siku ya kura, kwetu tulikubali kwa kishindo. Jimbo likakataa.

Basi sikukuu hiyo tukakaa mezani kwa Idella, huyo dada yake. Kila mwaka Hosea ndiye aliyekuwa akimkata bata mzinga. Safari hii kisu nilipewa mimi, na nilimkata vibaya. Hakuna aliyenicheka.

"Pole na lile gari lenu, mdogo wangu," Idella akasema, akipakua mboga. "Watu wa kwenu nao. Jambo kama lile unalikataaje?"

"Kwetu walikubali, dada. Lilikataliwa na jimbo."

"Jimbo? Mbona huku sikuliona?" Akafikiri kidogo. "Labda kule nyuma. Kule mimi sisomi, maneno ya wanasheria matupu. Si unamkumbuka baba, usichokielewa kikatae? Nikatia hapana, hapana, toka juu mpaka chini, nikaenda zangu kupika."

Verlene aliinamia sahani yake. Wageni wa njia nzima aliwaeleza. Dada yake hakumweleza, maana nani humweleza ndugu yake jambo analomlilia kila Jumapili kwenye simu? Na baba yule alikuwa wa wote wawili. Miaka yote Verlene naye aliyatilia hapana mambo ya kaunti za wenzake, asijue nani kule alikuwa akimfunika nani shuka.

Idella akaacha kupakua. Alimpenda sana shemeji yake.

"Verlene," akasema polepole, "lile la gari halikuwa kule nyuma, sivyo?"

Wewe ungemjibu nini?